Suti ya zimamoto: saizi za herufi, saizi za namba, ya kushonwa kwa vipimo au ya msaada?

Bajeti ya vifaa ikishapita, afisa ununuzi wa kaunti, msimamizi wa usalama kiwandani na mkuu wa kituo cha zimamoto hujikuta kwenye swali moja: tuagize suti za saizi za namna gani? Wengi hutumia muda wote kulinganisha kitambaa na bei, saizi wakamwachia msambazaji. Huko ndiko fedha hupotelea. Suti ya kitambaa bora ikimbana askari magotini, au ikamwacha kiuno wazi anapoinua mikono, kinga iliyolipiwa haipo pale moto unapomfikia.

Sababu iko kwenye ujenzi wa suti yenyewe. Ina matabaka matatu: ganda la nje, kizuizi cha maji katikati, na bitana ya joto ndani. Kazi kubwa ya kuzuia joto hufanywa na hewa iliyotulia ndani ya bitana na kati ya bitana na mwili. Nguo ikibana, hewa hiyo husukumwa nje na joto likapita hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua mabegani chini ya mikanda ya mtungi wa hewa ya kupumulia, au magotini kwa kutambaa, huku ganda la nje likiwa halina hata alama. Nguo ikilegea kupita kiasi, mikunjo yake hukandamizwa na mikanda hiyohiyo, pindo hunasa kwenye vyuma na ngazi, hewa ya moto huvutwa ndani kila mvaaji anapojipinda, na juu ya mtungi na zana anabeba kitambaa asichokihitaji. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam uzito huo humchosha kabla hajafika kwenye moto.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni kufunikana kwa koti na suruali. Kanuni ya NFPA, shirika la Marekani linaloandika viwango vya zimamoto, namba 1500 (iliyounganishwa ndani ya NFPA 1550 mwaka 2024), ilitaka matabaka yote ya koti na ya suruali yafunikane kwa angalau inchi 2 (mm 50). Hupimwa bila mtungi, mvaaji akiwa amenyoosha mikono juu kadiri awezavyo. Kisha mikono ikiwa bado juu, akiinama mbele digrii 90, akijipinda ubavuni na kwenda nyuma. Zingatia maneno "matabaka yote". Mara nyingi ganda la nje la koti hufunika vizuri, lakini bitana yake imeishia juu zaidi, na sehemu ya kiuno inabaki na kitambaa kimoja tu bila anayetazama kwa nje kugundua.

Cha pili ni mwendo: kupanda ngazi, kuchuchumaa, kutambaa, kufikia juu. Cha tatu ni maumbo ambayo jedwali la saizi huyasahau: mrefu mwembamba, mfupi mnene, na mwanamke aliyepewa suti iliyokatwa kwa mwili wa mwanamume. Cha nne ni fedha na muda. Cha tano ni matunzo na kugawana, yaani suti itavaliwa na nani kwa zamu, nani ataivaa mwenye nayo akihama, na nini kitavaliwa ikiwa iko kwenye kufuliwa.

Kuhusu kigezo cha tatu, kuna funzo muhimu kutoka Marekani. Mwaka 2014 watafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya usalama na afya kazini, walichapisha vipimo vya wanaume 863 na wanawake 88 wa zimamoto, kwa vipimo 71 vya mwili pamoja na uzito. Lengo la kwanza lilikuwa viti na kabini za magari ya zimamoto. Walikuta wanaume wa zimamoto wana wastani wa kilo 9.8 zaidi ya wanaume wa kawaida nchini humo, wanawake ni warefu kwa wastani wa mm 29, na sehemu ya juu ya mwili ni kubwa zaidi. Kama jedwali la raia wa Marekani halikuwatosha hata askari wa Marekani wenyewe, hakuna sababu ya kituo cha Nakuru au Dodoma kuagiza kwa mgawanyo wa saizi uliopangwa kwa watu wengine. Pima watu wako.

Kupima, kabla ya kuchagua chochote

Mtu asijipime mwenyewe. Apimwe na mtu mmoja, mwingine aandike, na ikiwezekana mpimaji awe yuleyule kwa kikosi kizima, kwa sababu kila mkono huvuta tepu kwa namna yake. Anayepimwa avae sare ya kituo anayovaa chini ya suti, mifuko ikiwa mitupu. Asivute tumbo ndani.

Kifua hupimwa penye upana zaidi, tepu ikipita chini ya makwapa, mikono ikiwa imeshushwa. Kiuno hupimwa pale suruali ya zimamoto itakapokaa, usawa wa kitovu. Wengi huandika namba ya suruali yao ya jinzi, inayokaa chini zaidi, kisha suti ikija haifungi. Nyonga hupimwa penye makalio mapana kuliko kote. Mguu wa ndani huanza msambani hadi kwenye kifundo. Ongeza kimo bila viatu, na mzingo wa paja kwa wenye mapaja makubwa.

Urefu wa mkono ndio unaoleta makosa mengi. Watengenezaji wa Marekani kwa kawaida huanza kwenye mfupa unaochomoza nyuma ya shingo, wakapita begani na kwenye kiwiko kilichokunjwa kidogo hadi kifundo cha mkono. Wengine huanza nchani mwa bega. Ukimpa wa kwanza kipimo cha wa pili, koti litakuja na mikono mifupi kwa zaidi ya sm 15. Omba fomu ya mtengenezaji yenye michoro, na kila namba iandikwe na kizio chake, inchi au sm.

Kila kipimo kichukuliwe mara mbili. Viwili vikipishana kwa zaidi ya sm 1, chukua cha tatu.

Saizi za herufi: S hadi 3XL

*Kufunikana.* Herufi moja hubeba kifua, mkono na kiuno kwa pamoja. Mwenye mwili wa wastani hufunikwa vizuri. Mrefu mwembamba hana pa kwenda: M inamkaa kifuani lakini hupanda juu akinyoosha mikono, XL inamfikia kiunoni lakini inamning'inia. Suruali yenye kiuno kirefu na mikanda ya mabegani hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa, na kwa anayenunua kwa herufi ni bora aitake.

*Mwendo.* Kwa kawaida nafasi ya ndani ni kubwa, ili herufi moja iwatoshe wengi. Mikono huwa huru, lakini msamba hushuka, na hatua ya kwanza ya ngazi ya gari humvuta mvaaji nyuma.

*Maumbo.* Hapa ndipo herufi zinapoelemewa. Mwanamke ambaye S inamtosha kifuani huenda ikambana nyongani. Akichukua L, mabega yanaanguka, mikono inafunika vidole, na pedi ya goti inashuka hadi kwenye muundi. Akitambaa, goti linagusa sakafu ya moto bila pedi.

*Fedha na muda.* Hii ndiyo njia rahisi zaidi kati ya suti mpya. Huwa ipo ghalani kwa msambazaji, na kubadilisha saizi si shida.

*Matunzo na kugawana.* Nguvu yake kubwa iko hapa. Suti tatu za L zinaweza kuwahudumia watu wengi wa zamu tofauti, na moja ikienda kufuliwa ipo nyingine.

Inawafaa wenye timu ndogo inayobadilika mara kwa mara na isiyoingia ndani ya majengo yanayoungua mara nyingi.

Saizi za namba

Koti na suruali huchaguliwa kila kimoja kivyake. Kampuni za Marekani kwa kawaida hupandisha kifua na kiuno kwa inchi 2, na urefu wa mkono au mguu huchaguliwa peke yake. Kwa Ulaya, lebo inayofuata EN ISO 13688, kiwango cha jumla cha nguo za kinga, huwa na mchoro wa mtu ulioandikwa vipimo, kwa mfano kimo sm 170–178 na kifua sm 92–100. Namba hizo ni za mwili wa mvaaji, si za nguo. Anayepima koti lenyewe kwa tepu na kulinganisha na lebo atadhani amedanganywa.

*Kufunikana.* Hapa ndipo thamani ilipo. Mrefu mwembamba anapata kifua kidogo na urefu mkubwa; mfupi mnene anapata kinyume chake, na hakanyagi pindo la suruali. Pindo linalokanyagwa hufyonza maji, huchakaa na kufungua njia ya kuingia kwenye bitana.

*Mwendo.* Msamba na goti hukaa karibu na mahali pake kwa sababu mguu umechaguliwa kwa urefu wake.

*Maumbo.* Watengenezaji kadhaa wana mkato wa kike: mabega membamba, mkono mfupi, nyonga pana kuliko kiuno. Uliza kwa maandishi kama mkato huo ni wa kweli au ni saizi ndogo za kiume zenye jina jipya. Njia ya kujua ni kuomba jedwali lake na kutazama tofauti kati ya kiuno na nyonga. Ikilingana na ya jedwali la kiume, hakuna mkato wa kike hapo.

*Fedha na muda.* Bei huwa juu kiasi, na saizi za pembeni huagizwa. Kinachogharimu zaidi ni kazi ya kupanga: ukiwa na watu 40, mchanganyiko wa koti na suruali unaweza kufika aina 20. Andaa orodha ya majina yenye vipimo kabla ya kutangaza zabuni.

*Matunzo na kugawana.* Kugawana kunawezekana kwa walio katikati. Kila koti linapofuliwa, bitana yake irudi kwenye ganda lake. Bitana ya 42 ikiingia kwenye ganda la 46, mikono ya bitana inaishia juu ya kifundo, na kwa nje hakuna kinachoonekana.

Inawafaa wenye kikosi cha kudumu chenye miili tofauti, kila askari akiwa na suti yake.

Kushonwa kwa vipimo vya mtu

*Kufunikana* na *mwendo* huwa bora kuliko njia nyingine zote, endapo vipimo ni sahihi. Endapo ni sharti zito. Kosa la tarakimu moja kwenye fomu linaleta suti isiyomfaa aliyeagiziwa wala mwingine yeyote, na mtengenezaji atatoa fomu yenye sahihi yako.

*Maumbo.* Hakuna mwili unaoachwa nje. Kwa mwanamke mfupi, kwa mwenye mabega mapana sana, au kwa mwenye tofauti kubwa kati ya kifua na kiuno, mara nyingi ndiyo njia pekee inayotoa kinga kamili.

*Fedha na muda.* Ni ghali zaidi, na kusubiri huhesabiwa kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Mwili hubadilika wakati huo. Anayetoka mafunzoni akiwa mwembamba huongezeka akianza kazi ya kawaida, hivyo kuruti asipimwe wiki ya mwisho ya kozi.

*Matunzo na kugawana.* Hili ndilo jambo la kuliwaza sana. Suti imefungamana na mtu. Katika jeshi la zimamoto la taifa zima kama la Tanzania, ambako askari huhamishwa mkoa hadi mkoa, ni lazima utaratibu useme kwamba suti inahama na mwenyewe. Vinginevyo inabaki stoo ya kituo cha zamani bila wa kuivaa. Na ikiwa kwenye kufuliwa, mwenyewe atavaa nini? Kama jibu ni "ya mwenzake", faida yote imepotea siku hiyo.

Inawafaa wenye kikosi thabiti, bajeti ya seti mbili kwa mtu au akiba ya saizi za namba, na mpimaji aliyefundishwa.

Suti za msaada

Vituo vingi vya Afrika Mashariki vimepokea suti zilizotumika kutoka Uingereza na Marekani, na zimeokoa watu. Zinastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule wa suti mpya.

*Kufunikana.* Jozi zinazofika si lazima ziwe zilitoka kwa mtu mmoja. Koti fupi lililokatwa ili livaliwe na suruali ya kiuno kirefu, likiunganishwa na suruali ya kiuno cha kawaida, linaacha mgongo wazi. Pima kila jozi juu ya mtu.

*Mwendo* na *maumbo.* Saizi kubwa ndizo huja kwa wingi, saizi ndogo na za kike ni adimu. Lebo za Marekani huwa za inchi: kifua 42 ni karibu sm 107. Kabla shehena haijafungwa, mpelekee mfadhili orodha ya vipimo vyako. Wengi hufurahi kuipata, na inazuia kusafirisha makoti ambayo hayana wa kuyavaa.

*Fedha na muda.* Suti yenyewe huenda ikawa bure, lakini kuna usafirishaji, kuitoa bandarini na kuifua kabla haijavaliwa.

*Matunzo na kugawana.* Soma tarehe ya kutengenezwa. NFPA 1851, toleo la 2020, iliiondoa suti kazini ikifikisha miaka 10 tangu itengenezwe, hata kama inaonekana nzuri. Iliyopita muda hutumika kwa mazoezi yasiyo na moto halisi tu, na iandikwe hivyo waziwazi. Kwa zilizobaki, tenganisha bitana na ganda. Pitisha tochi nyuma ya bitana: palipong'aa kuliko kwingine, ujazo umehama au umekwisha. Kisha fanya jaribio la kizuizi cha maji: changanya sehemu 1 ya spiriti ya kusafishia vidonda na sehemu 6 za maji ya bomba, shika kitambaa kiwe kama bakuli, mimina kikombe kimoja upande wa kizuizi, subiri dakika 3. Yakipenya, haifai. Rudia mabegani, msambani, magotini na kwenye mishono.

Inawafaa wasio na chochote kwa sasa, na wenye mtu wa kuchunguza kila kipande.

Kuhusu kumpelekea fundi cherehani

Suti ikiwa ndefu, wazo la haraka ni kuipeleka kwa fundi wa mtaani. Msifanye hivyo, hata awe hodari kiasi gani. Kila tundu la sindano kwenye kizuizi cha maji ni mlango wa mvuke wa moto na kemikali, na kiwandani mishono hiyo huzibwa kwa utepe maalumu. Uzi wa polista huyeyuka karibu nyuzi 260 za Selsiasi, na mshono hufunguka ndani ya moto. Uzi wa aramidi, aina ya nyuzi zinazostahimili moto, hauyeyuki. Isitoshe, kupunguza pindo la ganda bila kupunguza bitana kunaiacha bitana ikichungulia nje. Marekebisho yafanywe na mtengenezaji au karakana aliyoiidhinisha, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Jaribio la kupokea, kwa njia zote nne

Mtu avae kila kitu: buti, glovu, helmeti, hudi (kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo) na mtungi. Vua mtungi kwa kipimo cha kufunikana tu. Anyooshe mikono juu: je, kifundo cha mkono kinaonekana kati ya glovu na koti? Achuchumae: je, suruali imepanda juu ya buti? Atambae mita 10: pedi zimebaki magotini? Alale kifudifudi na kuinua kichwa: helmeti inagonga mtungi? Kola ndefu na mtungi uliofungwa juu sana humnyima askari kuona mbele, na tatizo hilo halijulikani akiwa amesimama.

Glovu ziagizwe kwa kupima mzingo wa kiganja na urefu wa mkono. Kwa mfumo uliozoeleka Ulaya, saizi 8 ni mzingo wa mm 203 na urefu wa mm 182, saizi 9 ni mm 229 na mm 192. Glovu kubwa huvuliwa kila inapotakiwa kazi ya vidole, na hapo mkono unaungua. Buti za kike zitakwe kwa jina lake, kwa sababu kisigino cha buti ndogo ya kiume bado ni kipana kwa wengi.

Kinyago hakina njia ya mkato: kila mtu apimwe na chake. Kwa kinyago cha uso mzima, Marekani inataka uwiano wa chembe za nje kwa za ndani usipungue 500, Uingereza 2000. Ndevu, ushanga wa nywele au ukingo wa hijabu ukipita chini ya mpira, hewa inavuja. Hijabu ivaliwe ikiwa ya pamba au aramidi, chini ya hudi, na mpira wa kinyago uguse ngozi tupu pande zote.

Kwa hali yako

Kiwanda chenye timu ya zimamoto ya watu kumi na wafanyakazi wanaobadilika: herufi, pamoja na seti mbili tatu za namba kwa warefu na wafupi sana.

Kituo cha kaunti au manispaa chenye kikosi cha kudumu: namba, mkato wa kike ukiwa sharti la zabuni. Msambazaji asipokuwa nao, askari wa kike washonewe kwa vipimo ndani ya mkataba uleule, bila kusubiri bajeti nyingine.

Kikosi cha uwanja wa ndege au bandari, watu walewale kwa miaka: kushonwa kwa vipimo kuna maana, mkiweka akiba ya namba kwa siku za kufua.

Kituo ambacho suti zinavaliwa kwa zamu: msishone kwa vipimo. Chukueni namba za katikati nyingi na za pembeni chache, na ubao wa ukutani uonyeshe nani anavaa ipi.

Kituo kipya kisicho na fedha: msaada uliochunguzwa, na fedha kidogo iliyopo ielekezwe kwa wale ambao shehena haikuwa na saizi yao.

Na kwa yeyote anayeandika zabuni, kipengele kimoja kisikosekane: msambazaji alete seti ya saizi za kujaribia kabla ya oda, abadilishe kwa gharama yake suti yoyote itakayoshindwa jaribio la kufunikana, na sehemu ya mwisho ya malipo itoke baada ya kila askari kuvaa ya kwake na kutia sahihi.